Kwani Lazima Tulie?

Katika toleo lililopita ndugu yetu mmoja aliandika kwamba mwandishi kijana anayeshika suala la mazingira kisha akachekesha ni sawa na mtu anayepiga vigelegele msibani. Simtaji jina. Kwanza namheshimu kama kaka, pili ana kitabu changu na nataka kirudi salama. Lakini hoja yake siwezi kuiacha ipite hivihivi, maana naona imeanza kuota mizizi. Tayari mwenzetu mmoja wa hapa kikundini amefuta kurasa nne za hadithi yake, kurasa nne nzuri, kwa sababu eti zilikuwa zinachekesha mno na hadithi yenyewe inahusu mto unaokauka.

Mfano wa ubaya huo alioutoa kaka ni sinema ya Kimarekani, Star Trek IV: The Voyage Home, iliyotoka Novemba 1986. Aliiita "vituko vya watu wenye masikio ya sungura". Hapo ndipo aliponichokoza. Katika kundi zima la wale wasafiri mwenye masikio hayo ni mmoja tu, Spock, na huyo Spock ndiye Leonard Nimoy, na huyo Nimoy ndiye aliyeielekeza sinema. Mtu akishindwa kuhesabu masikio, mimi nina haki ya kuuliza kama aliangalia picha yenyewe au alisimuliwa.

Kwa wasioiona, kisa ni hiki. Tuko karne ya 23. Dude kubwa mithili ya gogo linakuja kutoka huko mbali angani, linasimama juu ya Dunia na kutoa mlio ambao hakuna anayeuelewa. Mlio huo unazima vyombo vyote, bahari zinaanza kufuka mvuke, mawingu yanafunika jua. Watu wanakaribia kuangamia na hawajui wamekosa nini. Spock ndiye anayegundua kwamba gogo halisemi na binadamu hata kidogo. Linaita nyangumi wa nundu, wale wanaoimba, na nyangumi hao walikwisha toweka duniani tangu karne ya 21. Wa kuitikia hayupo. Basi Kapteni Kirk na wenzake, wakiwa ndani ya chombo cha kuiba, wanalizunguka jua kwa kasi na kurudi nyuma hadi San Francisco ya mwaka 1986, kutafuta nyangumi wawili wa kuwapeleka mbele. Ni upuuzi mtupu, nakubali. Lakini nani kati yetu alianza kupenda hadithi kwa sababu zilikuwa za busara? Mzee Shaaban Robert mwaka 1951 alitupa Kusadikika, nchi nzima inayoelea angani, na hakuna aliyemwuliza nguzo zake zimesimama wapi. Sasa tukiona chombo kinaruka tunasema hayo ni ya Wazungu.

Turudi kwenye kicheko, maana ndicho kesi yetu.

Kaka anadai kwamba kicheko cha sinema hii kinapunguza uzito wa jambo. Mimi nasema tazama kinamcheka nani. Hakiwacheki nyangumi. Hakilicheki lile gogo wala maangamizi. Kinawacheka watu wa 1986, yaani wale waliokuwa wamekaa kwenye viti vya sinema wakila bisi. Wasafiri wanatembea mjini kama washamba walioshuka basi la alfajiri: hawana hata senti. Wanapanda basi la mjini, kisha hao wanashuka, kwa kuwa konda wa huko ni sanduku linalotaka sarafu kamili na wao hawajui sarafu kamili ni kitu gani. Kirk inabidi auze miwani yake ya zamani, zawadi ya rafiki, apate dola 100. Chekov, Mrusi mwenye lafudhi nzito ya Kirusi, anasimama barabarani kuwauliza wapita njia na askari polisi mahali zilipo meli za nyuklia za jeshi la Marekani! Katikati ya Vita Baridi! Naye anauliza kwa adabu kabisa, kama anayetafuta msikiti. Dakta McCoy anaingia hospitali, anamkuta mama mzee anangoja kusafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, anashtuka kama mtu aliyeona watu wakitibiwa kwa moto, anampa kidonge kimoja. Baadaye unamwona yule mama anasukumwa kwenye kigari akitangaza kwa furaha kwamba figo limeota jipya.

Hii mbinu tunaijua, bwana. Ni Abunuwasi huyu. Ni mjinga anayeingia kwenye jumba la wenye akili na kuuliza swali moja la kijinga, na ghafla wenye akili wote wanaonekana uchi. Ukimleta msomaji mgeni kutoka karne ya 23, hulazimiki tena kumhubiria kuhusu karne yake. Mgeni anashangaa tu. Anashangaa pesa, anashangaa matusi, anashangaa magari yanavyotaka kuua watu. Na baada ya kushangaa hayo yote kwa muda wa saa nzima, anapofika kwenye jambo la nyangumi na kushangaa kwamba watu waliwaua mpaka wakaisha, mshangao wake unakuwa wa aina ileile. Hapo kicheko kinakukwama kooni. Umekwisha zoea kucheka pamoja naye, sasa unacheka nini? Ungeanza naye kwa kilio, ungekuwa umekwisha jihami tangu dakika ya kwanza.

Ipo sehemu moja naipenda kuliko zote. Kule kwenye jumba la viumbe wa bahari, Dakta Gillian Taylor, mtaalamu wa nyangumi, anawatembeza wageni na kuwaonyesha nyangumi wawili, George na Gracie. Anaeleza vizuri, kwa takwimu, kwa uchungu, kama tunavyoeleza sisi kwenye maigizo yetu. Wageni wanasikiliza kama wageni wa matembezi wanavyosikiliza popote. Kisha mtu mmoja anapiga ukelele: ndani ya bwawa yumo mtu aliyevaa kanzu nyeupe, amemshika nyangumi ubavuni, amebandika viganja na kutulia kabisa. Ni Spock. Anamwomba ruhusa. Ndiye pekee katika filamu nzima aliyefikiria kuwauliza nyangumi wenyewe kama wanataka kuokolewa. Watu sinemani walicheka, na kweli inachekesha, mzee mzima na kanzu ndani ya maji. Lakini niambieni ni shairi gani la mazingira mlilolisoma ambalo limewahi kumwuliza mnyama ruhusa.

Sasa tuangalie hizi kazi zetu za kulia. Nimesikiliza ngonjera nyingi za misitu, mashuleni na kwenye maadhimisho, na nyingine nimeziandika mwenyewe. (Ngonjera kama fani sizisemi, mzee Mathias Mnyampala alijua alichokuwa akifanya.) Mtindo ni uleule. Anatokea mchoma mkaa, amejipaka masizi, ana panga, ana roho mbaya. Anakata mti. Mti unalia. Mto unakauka, mama anatembea mbali na ndoo. Mwishoni anaingia kiongozi kavaa suti, ana miche, mchoma mkaa anapiga magoti anatubu, watu wanaimba. Wageni rasmi wanapiga makofi, wanapanda magari, wanaondoka, na chakula cha wageni kimepikwa kwa mkaa. Wa mchoma mkaa yuleyule! Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba hiyo ndiyo ngonjera yenyewe iliyopaswa kuandikwa, kwamba kichekesho kilikuwa kinachemka jikoni nyuma ya jukwaa.

Tumefanya hivyo kwa sababu tulifundishwa kwamba hadithi lazima iwe na adui. Nimoy aliamua sinema yake isiwe naye. Hakuna jitu baya linalotaka kutawala ulimwengu, na silaha karibu hazilii. Gogo halina chuki, linaita tu rafiki zake. Wawindaji wa nyangumi wanaonekana mwishoni kwa muda mfupi, hawana majina, na wanapofyatua chusa linagonga kitu kisichoonekana hewani na kuanguka majini, kisha chombo cha angani kinajitokeza juu ya vichwa vyao na wao wanageuza meli wakikimbia. Basi. Waliomaliza nyangumi ni watu wa kawaida wa zama hizo, pamoja na wale waliokuwa wanaishi bila hata kujua kwamba jambo hilo linaendelea. Hilo ni gumu kulikubali kuliko adui mwenye panga.

Hapo hapo nina ugomvi wangu na hii sinema, na nitausema, nisije nikaonekana shabiki kipofu. Kutokuwa na adui ni jambo jema katika masimulizi, lakini kuna wakati linageuka kuwa msamaha wa bure. Chukua jambo hili. Mwaka 1986 nyangumi wa nundu alikuwa amekwisha katazwa kuwindwa kibiashara kwa miaka 20, tangu 1966. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ndiyo iliyopitisha. Mwaka 1979 tume hiyohiyo, kwa pendekezo la Shelisheli, nchi ndogo kabisa, ilitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi ya nyangumi. Mwaka 1982 ikapiga kura kusimamisha uwindaji wote wa kibiashara, uanze kusimama msimu wa 1985/86. Kwa hiyo ile meli ya kwenye sinema ilikuwa meli ya wahalifu, na sinema haisemi. Inatuachia picha kwamba uwindaji ulikuwa halali na kwamba kilichokosekana ni moyo wa huruma. Hapana. Sheria ilikuwepo. Kilichokosekana ni ukweli.

Na habari ya ukweli huo, ndugu zangu, ni kichekesho kichungu kuliko chochote kilichomo kwenye filamu. Sikilizeni. Juni 1987 hii sinema ilionyeshwa Moscow. Shirika la WWF liliandaa onyesho hilo kusherehekea uamuzi wa Urusi ya Kisovieti wa kuacha kuwinda nyangumi, na Nimoy mwenyewe alikwenda pamoja na mtayarishaji Harve Bennett. Inasimuliwa kwamba watazamaji walichangamka zaidi pale McCoy anapolalamika kwamba akili ya kiurasimu ndicho kitu pekee kisichobadilika ulimwenguni. Walijua wanacheka nini. Sisi wengine tulikuja kujua baadaye. Mwaka 1993 mwanasayansi Alexey Yablokov alifichua kwamba kwa miaka mingi meli za Kisovieti zilikuwa zinapeleka hesabu za uongo kwenye ile tume. Katika bahari za kusini walitangaza kwamba wameua nyangumi wa nundu 2,710. Waliouawa kweli walikuwa zaidi ya 48,000.

Na kwa nini? Mafuta? Nyama? Sehemu kubwa ya mizoga ilitupwa baharini ikiwa imeliwa kidogo tu na mashine. Sababu ilikuwa lengo. Mpango wa serikali ulitaka tani kadhaa. Meli ikitimiza lengo mabaharia wanapata bakshishi, na mwaka unaofuata lengo linapandishwa, hivyo inabidi waue zaidi ili wafike kule walikofika jana. Hakuna aliyewachukia nyangumi. Hakuna aliyewahitaji. Walikuwa wanajaza fomu.

Hivi kaka yangu, hilo utaliandika ukilia?

Halafu msidhani ni hadithi ya mbali. Novemba 1966, mwaka uleule wa katazo, meli za Kisovieti zilipita Bahari ya Arabuni na katika siku chache zikaua nyangumi wa nundu zaidi ya 200 kwenye pwani za Oman, Pakistan na India. Hao si nyangumi wa kupita njia. Wale wa kwetu, wanaoonekana Kizimkazi na Watamu kati ya Julai na Oktoba, hutoka barafu ya kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto kisha hurudi. Wa Oman hawaendi popote. Wanazaa hapo, wanakula hapo, wametengana na wenzao kwa maelfu ya miaka, na wimbo wao ni wao peke yao. Leo wanakadiriwa kubaki chini ya 100. Ukitaka kujua ile sinema ilikuwa inasema nini, usiende San Francisco, nenda kaulize pwani ya Oman, ambako babu zetu wengi walikuwa na kheshi na biashara zao.

Kwingine utabiri wa sinema, kwa bahati, haujatimia. Robo ya karne ya 21 imekwisha pita na nyangumi wa nundu bado wanaimba. Mwaka 2016 Marekani iliondoa makundi 9 kati ya 14 kwenye orodha yake ya viumbe walio hatarini. Kuna watakaosema hiyo ni kazi ya sheria na wanasayansi wala si ya wachekeshaji, nami sibishi. Lakini sheria ilikuwepo na watu walidanganya, kwa hiyo sheria peke yake haikutosha. Ilihitaji watu wengi mno wanaojali wimbo wa mnyama ambaye hawatamwona maishani. Hao hawapatikani kwa kutishwa. Katika karne ya 20 waliuawa karibu nyangumi milioni 2.9 duniani kote. Isome tena hiyo namba. Umesikia nini? Mimi sikusikia kitu mara ya kwanza, ni namba kama namba ya gari. Lakini Gracie mwenye mimba, ambaye kwa sehemu kubwa ni sanamu la futi nne lililoendeshwa kwa rimoti kwenye bwawa la kuogelea, huyo nilimwogopea. Sanamu! Hayo ndiyo mambo ya sanaa, na ndiyo kazi tuliyojiandikishia.

Wapo wanaosema sinema hii ni ya ubinafsi, kwa kuwa nyangumi wanaokolewa ili wao watuokoe sisi. Kwamba hata hapo mnyama ni chombo cha haja zetu. Hoja hii ni nzito kuliko ya kaka na ningependa mtu aiandike vizuri. Jibu langu ni hili tu: tazameni mwisho. Nyangumi wanafika, wanaimba, gogo linaitikia, wanazungumza wee kwa muda mrefu. Na hatuambiwi wamesema nini. Wakubwa wa studio walitaka maneno ya tafsiri yaandikwe chini ya picha, Nimoy akakataa. Gogo linaondoka zake, sisi tumepona, na hatujui kama tulitajwa hata mara moja katika mazungumzo yale. Mimi naona hapo binadamu ameshushwa mahali pake kwa upole mkubwa. Ujumbe umekuja Duniani na haukuwa wa kwetu. Katika kazi zetu mti hauwezi kukaa beti tatu bila kufungua kinywa na kusema nipandeni, nimwagilieni, mimi ni uhai. Mti gani huo unaoongea kama afisa ugani?

(Na kwa kuwa tuko kwenye habari za ujumbe: mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja na sahani ya dhahabu yenye salamu kwa lugha 55 na, ndiyo, sauti za nyangumi wa nundu. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Nyangumi yumo. Kiswahili hakimo. Lile gogo likija kweli, wenzetu wa Kampala watajitetea, sisi tutabaki kutafuta mkalimani.)

Kwa hiyo naomba mambo mawili, yote madogo. La kwanza, wanaosahihisha miswada waache kuandika pembeni "ujumbe haujajitokeza" kila wanapokuta watu wamecheka. Waandike kama kichekesho kimeshindwa, hilo ni kosa la haki kabisa, na vichekesho vingi vyetu vinashindwa kweli, vinaishia kwenye mlevi anayeanguka mtaroni. La pili, zile kurasa nne za mwenzetu zirudishwe kwenye hadithi yake kabla hajapoteza karatasi.

Na kaka naye nampa kazi. Kati ya wanasayansi wa Kisovieti waliokuwa kwenye zile meli, Dmitri Tormosov alihifadhi hesabu za kweli kwa siri, siku moja zije zisomwe. Alizificha kwenye ghala la viazi. Hebu mfikirie kaka yetu anavyopenda mambo mazito: mtu mzima, msomi, usiku wa baridi, anashuka ngazi na taa, anahamisha viazi kimoja kimoja, anaweka chini yake nyangumi maelfu kwa maelfu, anarudisha viazi juu. Juu jikoni mkewe anamwuliza mbona viazi vimechukua muda mrefu hivyo. Aiandike hiyo. Na mke apewe maneno ya kujibu.